Kuchagua klachi ya Subaru ya tabo kwa dereva anayekanyaga mafuta

Tangu nianze kuendesha Impreza WRX, haipiti wiki bila kijana aliyenunua ya kwake kuniuliza: "Kaka, klachi inateleza, nifunge ipi?" Akishajibiwa hilo anakuja na la pili: "Nimeambiwa ya vipande sita ndiyo kiboko, ni kweli?" La tatu huja baadaye, kutoka kwa yule ambaye ameshanunua: "Mbona gari linaruka nikitoka kwenye taa?" Majibu ya yote matatu yamo humu. Soma mpaka mwisho kabla hujamtumia mtu hela.

Mfano wangu ni WRX ya chesisi GDA, ile ya miaka ya 2000 yenye injini ya lita 2.0, tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na gia tano za mkono. Ukiwa na Altezza ya gia sita au Mark II ya 1JZ, hatua ni hizihizi. Utabadilisha namba tu.

Shika neno moja kabla ya yote. Klachi huchaguliwa kwa toku (nguvu ya kuzungusha) ya injini uliyonayo leo na kwa barabara unayopita kila siku. Mimi sikulijua hilo. Duka moja la spea liliniuzia diski ya seramiki ya vipande sita, isiyo na springi katikati, wakati injini yangu ilikuwa haijaguswa hata boliti. Mwenge hadi Ubungo saa kumi na moja jioni, gari lilikuwa linaondoka kwa kuruka, mguu wa kushoto unatetemeka, na abiria wananiuliza kama nimejifunza udereva jana. Baada ya miezi minne flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo diski hubanwa juu yake) ilikuwa imechimbika mifereji na giaboksi imeanza kulia. Nikalipa ufundi wa kuishusha kwa mara ya pili. Nakuandikia ili wewe uilipe mara moja.

Uwe na haya kabla hujaanza

- Namba ya chesisi yote, pamoja na namba ya giaboksi. Magari haya yameshabadilishwa giaboksi mara nyingi, usiamini kadi peke yake.
- Toku ya injini. Kama haijaguswa, tumia namba ya kiwandani. Kama kompyuta imeprogramiwa upya au tabo si ile ya awali, tafuta karatasi ya mashine ya kupima nguvu.
- Rula ya sentimita 30, kipimo cha vernia, tochi na barakoa.
- Bajeti ya kazi nzima: diski, presha pleti (inayoibana diski kwenye flaiwili), beringi ya rilizi (inayoiachia klachi ukikanyaga pedali), beringi ya pailoti (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi), sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili ya injini isifike kwenye klachi), kuchonga flaiwili na mafuta ya klachi.
- Fundi aliyewahi kushusha giaboksi ya Subaru ya tabo kwa mikono yake. Sababu utaiona hatua ya 6.

1. Hakikisha mgonjwa ni klachi

Tafuta barabara tupu iliyonyooka, injini ikiwa imeshapata moto. Weka gia ya nne, mizunguko 2,500 hivi, kisha kanyaga mafuta mpaka chini. Kwenye WRX toku hujaa karibu na mizunguko 3,600, na hapo ndipo klachi dhaifu hujisema. Mshale wa mizunguko ukipanda ghafla huku spidi imesimama palepale, inateleza. Jaribu mara moja, ukizidi sana mbili, kwa sababu kila mtelezo unaichoma.

Mafundi wengi hupima kwa kuvuta hendibreki, kuweka gia ya tatu na kuachia klachi. Injini ikizima wanakwambia klachi nzima. Kipimo hicho kinatambua klachi iliyokwisha kabisa. Klachi inayoshindwa tabo ikisukuma kwa nguvu zote itaizima injini vizuri tu hapo gereji, na barabarani itakuaibisha.

Kama tatizo ni gia kuingia kwa shida, au pedali inazama na kubaki chini, angalia kwanza pampu ya klachi ya juu na ya chini na kiwango cha mafuta. Huenda huhitaji diski.

Hata inayoteleza si lazima iwe imeisha. Yangu ya mwanzo iliposhushwa, fundi mmoja mzee aliiweka diski juu ya benchi, akavuta taa karibu, akapitisha ukucha kutoka kwenye uso wa diski mpaka kichwa cha riveti. Ukucha ulishuka vizuri, nyama (ile sehemu ya diski inayosugua na kushika) ilikuwepo. Kisha akanigusisha kidole ukingoni, kikarudi cheusi na chenye utelezi. "Mwanangu, hii haijaisha. Hii imelewa oili." Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa inavuja. Ningefunga klachi ya bei yoyote ile, ingelewa vilevile.

Kina cha riveti kipime. Vitabu vya ufundi vya Toyota huweka kikomo cha milimita 0.3 kutoka uso wa diski hadi kichwa cha riveti. Ukifika hapo, diski imekwisha.

2. Tafuta toku, achana na hospawa

Hospawa 250 za WRX ni sifa za kijiweni. Kinachoitelezesha klachi ni toku, yaani nguvu ya kuzungusha. GDA ya Japani inatoa kilo-mita 34. Zidisha kwa 9.81 upate nyutoni-mita, ni kama 333. Ukikuta namba za Kimarekani za futi-pauni, zidisha kwa 1.356.

Ongeza asilimia 25 ya akiba: 333 inakuwa kama 416. Basi unatafuta klachi inayobeba nyutoni-mita 420 hivi. Kama injini imeongezwa ikafika 400, tafuta ya 500. Kama fundi wa kompyuta umeshamlipa na kazi ni mwezi ujao, tumia namba ya mwezi ujao. Ndoto ya tabo kubwa "siku moja" isikununulie klachi leo.

Tahadhari kubwa hapa: neno "steji" (steji ya kwanza, ya pili, wanavyoziita klachi zilizoongezwa nguvu) halina kipimo kinachokubaliwa na wote. Steji ya pili ya mtengenezaji mmoja ni seramiki, ya mwingine ni diski ya kawaida yenye presha nzito. "Hevi dyuti" ndiyo kabisa, haina maana yoyote. Muulize muuzaji swali moja tu: inabeba nyutoni-mita ngapi? Akishindwa kukuonyesha namba ya mtengenezaji, nenda duka la pili.

3. Hesabu saa zako za wiki

Chukua karatasi. Andika saa unazokaa foleni, saa za barabara kuu, saa za milimani, na saa za mashindano au mazoezi ya mbio. Uwe mkweli. Wengi wanaojiita wakimbiaji huwa na saa kumi na mbili za foleni na nusu saa ya kukimbia.

Milima ihesabu peke yake. Kupanda Kitonga nyuma ya lori lililobeba mbao, ukisogea hatua na kusimama, kunaichosha klachi kuliko kilomita mia mbili za tambarare. Wa Nairobi wanaopandisha kutoka Mai Mahiu wananielewa. Kama hiyo ndiyo njia yako ya kila wiki, unahitaji klachi inayovumilia joto la kuachiwa taratibu.

4. Chagua nyama ya diski

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo twende polepole.

*Diski ya kawaida*, wanayoiita oganiki, ni nyuzi na gundi ngumu. Inashika kwa ulaini, haichimbi flaiwili, na ikipata moto kidogo itanuka na kulegea, kisha ikipoa inarudi. Ukiioanisha na presha pleti nzito kuliko ya kiwandani, inabeba toku zaidi bila kubadili tabia yake foleni. Kwa WRX isiyoguswa, au iliyoongezwa kidogo, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Exedy, kampuni ya Japani ambayo kabla ya 1995 ilijulikana kwa jina la Daikin, hutengeneza ya kiwango cha kiwandani na pia za namna hii zilizoongezwa nguvu.

*Kevlar* ni laini kama oganiki na hudumu muda mrefu. Ila ina masharti mawili. Inataka muda mrefu wa kuzoeshwa, na ukiichoma mara moja uso wake unakuwa kioo na haurudi tena. Kama unaondoka kwa kishindo mara kwa mara, usiifunge.

*Seramiki ya vipande* vitatu, vinne au sita ina chembe za shaba na kauri. Inavumilia joto kali na kushika kwa nguvu hata ikiwa imechemka. Gharama yake ni kwamba inashika ghafla, kama swichi, na inakula flaiwili. Ni ya gari la mashindano, au injini ambayo toku yake imeishinda oganiki kwa namba za kwenye karatasi. Vipande sita ni vya upole kuliko vitatu, lakini usidanganyike: vya upole ukilinganisha na vitatu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Gari hili linavuta magurudumu yote manne. Ukiachia klachi kwa kishindo kwenye lami kavu, matairi hayatelezi. Ule mshtuko lazima uishie mahali. Klachi laini itateleza kidogo na kuumeza. Klachi ya swichi itausukuma wote kwenye giaboksi, na giaboksi ya gia tano ya Subaru inajulikana kwa kukatika meno. Klachi ni kama fyuzi ya nyumba: ukiweka msumari mahali pa fyuzi, taa zitawaka vizuri sana mpaka siku nyaya zitakapoungua. Diski ni bei rahisi kuliko giaboksi, siku zote.

5. Angalia springi za katikati

Diski ya barabarani iwe na springi kwenye kitovu chake. Hizo zinameza mtikisiko wa injini kabla haujafika kwenye meno ya gia. Diski isiyo na springi ni nyepesi na huachia gia haraka, ndiyo maana watu wa mbio huipenda, lakini foleni utasikia giaboksi inagonga. Zishike springi kwa vidole: zisichezecheze wala kulia.

6. Presha pleti na jinsi inavyoachia

Presha nzito zaidi inamaanisha pedali nzito zaidi. Mguu utazoea, lakini uma wa klachi (mkono unaoisogeza beringi ya rilizi), pampu na beringi ya krenki inayozuia isisogee mbele na nyuma vitabeba mzigo huo kila unapokanyaga. Chukua nzito inayotosha namba yako ya hatua ya 2, usivuke hapo.

Kisha jua aina. WRX za tabo za mwanzo wa miaka ya 2000 zina klachi ya kuvuta: beringi ya rilizi imejifunga kwenye vidole vya presha na kuvivuta kuelekea giaboksi. Magari mengine mengi, pamoja na Impreza zisizo na tabo, ni ya kusukuma. WRX ya soko la Marekani ilihamia ya kusukuma mwaka 2006 ilipopewa injini ya lita 2.5. Haziingiliani hata kama diski zinalingana upana.

Sasa ile sababu ya kutaka fundi mzoefu. Kwenye klachi ya kuvuta, giaboksi haitoki mpaka pini ya uma itolewe kwanza. Pembeni mwa giaboksi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa funguo ya alini ya milimita 10. Ndani yake unaskrubu boliti ya milimita 6 kwenye pini na kuivuta nje. Asiyejua hilo ataingiza nondo na kubetua, na utasikia mlio wa uma au beringi ikivunjika. Muulize fundi wako kabla hamjaanza: "Pini ya uma unaitoaje?" Jibu lake litakutosha.

7. Flaiwili

Usifunge diski mpya juu ya flaiwili yenye mifereji, madoa ya bluu au nyufa. Ipeleke karakana ya kuchonga vyuma, na kama ina nyufa za kina, nunua nyingine. Baadhi ya flaiwili zina ngazi: sehemu ya diski na sehemu ya kufungia presha haziko usawa. Mchongaji akipunguza upande mmoja tu, presha haitabana inavyotakiwa na klachi mpya itateleza siku ya kwanza. Zichongwe zote mbili kwa kipimo kilekile.

Flaiwili nyepesi? Injini itapanda mizunguko haraka na itazimika haraka ukiondoka mlimani. Kwa gari la kila siku mimi naacha ya kiwandani.

8. Dukani: pima, usiulize tu

Nenda na klachi ya zamani mkononi, iwe ni Gerezani na Kariakoo au Kirinyaga Road. Linganisha haya:

- Upana wa diski. GDA ya gia tano ni milimita 230. STI, yaani WRX kali zaidi, ya gia sita ni 240, kwa hiyo usikubali "zote Subaru".
- Idadi ya meno ya shimo la kati. Yahesabu moja moja, na pima upana wa shimo.
- Matundu ya boliti za presha. Laza ya zamani juu ya mpya uone kama yanakutana.
- Upande wa diski unaotazama flaiwili, ambao huandikwa kwenye diski yenyewe.

Feki zipo nyingi. Boksi zuri si ushahidi. Angalia riveti kama zimekaa sawasawa, namba ya spea kama imegongwa kwenye chuma na inalingana na ya boksi, na kama uso wa diski una vumbi linalobaki kidoleni. Presha ya feki mara nyingi ni nyepesi mkononi. Ishike pamoja na ya zamani. Na klachi ya mtumba kutoka kwenye nusu gari (gari lililokatwa likauzwa kwa spea) usinunue hata ikiwa ya STI. Utalipa ufundi uleule wa kushusha giaboksi kwa kitu usichojua kimebakiza nini.

9. Siku ya kufunga, simama hapo hapo

Haya ndiyo makosa ninayoyaona:

- Kupuliza vumbi la klachi ya zamani kwa kompresa. Diski za kale zilikuwa na asbesto. Vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji.
- Kushika uso wa diski kwa mikono ya grisi. Flaiwili na presha zisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, zikauke.
- Grisi nyingi kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Paka kama unapaka mafuta ya midomo, zaidi ya hapo itarushwa kwenye diski.
- Kurudisha beringi na sili za zamani "kwa sababu bado nzuri".
- Kukaza boliti moja mpaka mwisho kabla ya nyingine. Zikazwe kidogo kidogo kwa msalaba, na mwisho kwa toku renchi kwa kipimo cha kitabu.
- Kuning'iniza giaboksi kwenye diski wakati wa kuirudisha. Uzito wake unapinda kitovu, na klachi mpya haitaachia kamwe.

10. Izoeshe

Kilomita 800 za kwanza ni za mjini, kusimama na kuondoka, bila kukanyaga mafuta mpaka chini. Kutoka Dar hadi Dodoma na kurudi hakuhesabiki, kwa kuwa klachi huzoea pale inapoachiwa, na safari ndefu unaiachia mara chache. Mlimani simamisha gari kwa hendibreki. Na mguu ukimaliza kubadili gia, uondoke kwenye pedali.

Ikikusumbua baada ya kufunga

*Inateleza ikiwa mpya.* Rudi kwenye kuchonga kwa flaiwili, kisha oili au grisi kwenye diski. Hakikisha pia pedali ina mchezo kidogo juu. Ikiwa imebana, presha haibani kikamilifu.

*Gia haziingii gari likiwa limesimama.* Kwanza toa hewa kwenye mfumo wa mafuta. Kama bado, diski imegeuzwa upande au kitovu kimepinda.

*Gari linatetemeka likiondoka.* Seramiki itatetemeka, ndiyo tabia yake. Oganiki ikitetemeka baada ya kilomita 800, tafuta oili, madoa ya moto kwenye flaiwili, au mipira ya injini na giaboksi iliyokufa. Mipira hiyo husahaulika sana.

*Kelele ukikanyaga pedali.* Beringi ya rilizi. Kelele ikiwepo ukiwa umeachia pedali na kupotea ukikanyaga, sikiliza beringi za giaboksi.

*Harufu kali baada ya kupanda mlima.* Paki, iache ipoe nusu saa bila kuigusa. Ikirudi kushika sawa, endelea taratibu na usiibane tena siku hiyo. Ikiendelea kuteleza ikiwa baridi, rudia kipimo cha hatua ya 1, na safari hii anza kwa kuangalia sili ya krenki.